Kuivunja na Kuijenga Sauti

Mimi si mtu wa subira. Anayenijua hapa Garsen atakwambia hivyo hata kabla hujamaliza kuuliza. Nauza maziwa sokoni, na mteja akitia kidole mtungini aonje, nitamfukuza, awe nani. Kwa hiyo majirani walishangaa waliponiona, msimu ule, nimekaa mkekani alasiri nzima kando ya mume wangu, simu mkononi, nikimsomea kwa sauti ya upole habari za kiini cha Linux na madereva yake ya sauti. Hata mimi mwenyewe nilijishangaa.

Mume wangu ni mwalimu wa historia. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, kwanza pembeni, halafu katikati. Hakusema kitu. Alificha kama watu wanavyoficha njaa, mpaka siku nilipomkuta anasahihisha madaftari ya kidato cha pili, na vema nyingine zimeandikwa juu ya meza. Nilikaa chini nikalia. Yeye akauliza nalia nini, nikamwambia kitunguu, na sikuwa nimekata kitunguu chochote.

Yeye ni Mpokomo wa Wenje, mtoto wa shamba, amekua kati ya ndizi na mahindi pale kando ya mto. Mimi ni Mworma, nimezaliwa nyuma ya ng'ombe. Ndoa yetu ilisemwa sana, na waliosema wamechoka wenyewe wakanyamaza. Ndani ya nyumba tumebaki na utani tu. Yeye ananiita binti wa ng'ombe, mimi namwita bwana ndizi, na tukikasirikiana kweli tunaitana mwalimu na mama, kwa adabu kubwa inayotisha watoto.

Alipokwisha kupoteza macho, mimi nikawa macho yake. Nilimsomea magazeti, vitabu, ujumbe wa simu, hata maandishi ya pakiti ya majani ya chai, maana alipenda kujua kila kitu. Baadaye akaenda mjini kwenye mafunzo ya wasioona, akarudi na kompyuta ya kupakata, mkweche hasa, kibao chake cha vitufe kimelegea pembe moja. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu hauuzwi na kwa sababu unakuja na programu ya kusoma kioo kwa sauti. Chochote kilichoandikwa pale, mashine inakisema. Mtu akibonyeza herufi, inaitaja. Sauti yenyewe haikuwa ya kiume wala ya kike, ilikuwa sauti ya mtu mwenye mafua, na Kiswahili iliking'ata vibaya mno. Lakini mume wangu aliinamisha kichwa akaisikiliza kwa raha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu ile siku ya madaftari.

Niliionea wivu, wallahi. Nilikuwa namsikia akiiambia "asante" mara nyingine, kwa kusahau, nami nakaa na mtungi wangu nikijiuliza mimi nilipoanza kumsomea aliwahi kuniambia asante ngapi.

Basi mwalimu mkuu wake, mtu mwema lakini mwoga wa maneno ya watu, akakubali kumjaribu. Kabla ya hapo tulikwishajaribu njia nyingine, mimi nikaingia naye darasani nikakaa pembeni nimsomee maelezo yake. Ikawa aibu. Wanafunzi wakawa wanajibu maswali wakinitazama mimi, na mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mama, rudia hapo." Mwalimu mkuu akatuita baadaye akasema kwa upole, "Mwalimu, kipindi kimoja kina mwalimu mmoja." Sasa alitaka kumwona akifundisha peke yake kipindi kizima, Jumatatu, naibu wake ameketi nyuma. Akiweza, anarudi darasani. Asipoweza, atapewa kazi ya stoo, kutunza vitabu.

Kutunza vitabu! Mtu asiyeweza kuvisoma, akae navyo gizani mpaka astaafu. Mume wangu aliponieleza hayo alijaribu kucheka, na kicheko kikamkatikia njiani.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Maelezo ya somo yako ndani ya kompyuta, yeye anavaa kipaza cha sikioni upande mmoja, mashine inamnong'oneza, yeye anafundisha. Tatizo likawa moja. Akifunga kifuniko ili aibebe mpaka shuleni, mashine inasinzia, na ikiamshwa sauti inarudi mbovu. Inakwamakwama, inameza maneno, inasema nusu ya jina la mtu kisha inakoroma. Kuizima kabisa na kuiwasha upya kulitibu, lakini kwa uzee wake ule unaweza kuteka maji, ukachemsha chai ukainywa, bado inawaza. Na betri yake haikubali mashine iachwe macho njia nzima. Kipindi kingeisha yeye bado anasubiri.

Ndipo nikaanza kutafuta mtandaoni kwa simu yangu. Nilisoma mpaka macho yakaniuma, Kiingereza cha watu wanaoandika kama wana haraka ya kwenda mahali. Taratibu tukaelewa. Sauti ya kompyuta si kitu kimoja. Kuna kiini cha mfumo, na juu ya kiini hicho hupakiwa vipande vya programu, wenyewe wanaviita moduli. Kipo kimoja chini kabisa, jina lake soundcore, kinachobeba habari zote za sauti, juu yake kingine cha kupima muda, juu yake kingine cha kupitisha mawimbi, hivyo hivyo mpaka juu kabisa kilipo kile kinachozungumza na kadi yenyewe ya sauti, ambacho wao wanakiita dereva. Vimebebana. Dawa tuliyoisoma ilikuwa kuvipakua vyote, kisha kuvipakia upya, bila kuizima mashine.

Alasiri ya kwanza tulikosea, na tulikosea kila mtu kwa kabila lake. Mume wangu akasema, "Soundcore ndiyo ya chini? Basi tung'oe hiyo, nyingine zitaanguka zenyewe." Ndivyo wanavyosafisha shamba Wenje, mtu anashika shina. Akaandika amri, mashine ikakataa. Nikamsomea: inatumiwa na nyingine, na jina la hiyo nyingine likatajwa. Akaandika jina hilo, ikakataa tena, inatumiwa na nyingine. Akapanda namna hiyo moja moja, na kila moja ikimsukumia mwenzake lawama.

"Ala! Kama ofisi ya serikali," nikasema.

"Nyamaza nifikiri."

"Wewe unafikiri kwa jembe, bwana ndizi. Hii ni nyumba."

Nikamweleza. Sisi nyumba zetu za zamani, za mikeka, tulizihamisha pamoja na ng'ombe, na kuzivunja ni kazi ya wanawake. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo. Huanzi na mti uliochimbiwa ardhini, utaivunja nyumba na mgongo wako. Unaanza na mkeka wa nje kabisa, uliowekwa mwisho. Halafu kamba, halafu fito zilizopita upande, na mwisho kabisa yale matao yaliyosimamishwa kwanza. Ukijenga, unarudi kinyume chake. Mtoto yeyote wa kike kule malishoni anajua.

Alicheka, akanipiga kofi la mzaha gotini, akakosa, akapiga mtungi. "Haya, mama mwenye nyumba," akasema. "Mkeka wa nje ni upi?"

Ulikuwa ule wa juu kabisa, unaoitwa snd_hda_intel. Akaandika amri ya kuupakua. Mashine ikakataa. Inatumika. Lakini safari hii haikutaja inatumiwa na nani. Nikatazama orodha ya moduli zote, na pale pembeni ambapo nyingine zina majina ya waliozikalia, hii ilikuwa na tarakimu peke yake. Kuna mtu amekaa juu yake, na hana jina.

Nikakasirika sana. Niliitukana ile mashine kwa Kiorma, maana matusi ya Kiswahili sikuyaona yanatosha. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza ile sauti mbovu ikikwaruza sikioni mwake. Halafu akasema polepole, "Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Huyu anayenisomea. Bado yuko ndani anasema. Hajatoka, nyumba itavunjwaje juu yake?"

Nikamkumbuka babu yangu mzaa mama, mgonjwa wa miguu, ambaye tulipohama hakutaka kutoka. Wanawake walisubiri na kamba mikononi mpaka babu abembelezwe, anyanyuliwe, akalishwe nje juani akinung'unika, ndipo mkono ukaugusa mkeka wa kwanza. Hakuna anayevunja nyumba mtu akiwa ndani yake.

Kwa hiyo ilibidi programu ya kusoma izimwe kwanza, halafu ile nyingine inayowagawia wenzake sauti. Hii ya pili ilikuwa na ukorofi wake. Ukiifukuza mbele, inarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kuna kijiprogramu kinachosikiliza, na chochote kikiomba sauti kinaiamsha. Ilitubidi tujue kufunga milango yote miwili kwa amri moja. Sasa hivi anayo njia ya kuyafanya yote hayo kwa kubonyeza kitufe kimoja, alifundishwa baadaye. Wakati ule hatukuijua, na kila neno liliandikwa kwa vidole.

Lakini si vidole vilivyomkwamisha. Nilipomwambia, "Haya, izime hiyo sauti," mkono wake ulikwenda juu ya vitufe ukasimama.

"Ngoja," akasema.

"Ngoja nini? Si mbovu hiyo?"

"Mbovu, lakini nashika nusu." Akaurudisha mkono gotini. "Nikiizima, nabaki na nini?"

"Unabaki na mimi."

"Jumatatu hutakuwepo."

Kumbe mtu huyu, aliyelipokea giza la macho bila kunilalamikia, alikuwa anaogopa kimya. Bila sauti ile hawezi kujua kama amri imekubaliwa au imekataliwa, kama amekosea herufi, kama kioo kimejaa makosa. Angekuwa anaandika kwenye hewa. Nilimwonea huruma, na ule wivu wangu nikauona upuuzi.

"Tutafanya mazoezi," nikasema. "Mimi nitatazama na sitasema."

"Wewe? Hutasema?"

"Nitajaribu, bwana. Usinichokoze."

Basi tukawa tunafanya kila alasiri, maziwa yakishauzika. Yeye anaizima sauti, anaandika amri za kupakua kutoka juu kwenda chini, kisha anapakia upya, kisha anaiamsha programu ya kusoma na kusubiri. Mimi nimekaa naona kioo kizima, naona kosa likitokea mbele ya macho yangu, na nimeuma ncha ya leso kwa meno yote. Wallahi kuchunga ng'ombe mia kwenye vichaka vya miba vya mathenge ni rahisi kuliko kazi ile. Alikuwa akikosea herufi moja, mashine inakataa, yeye hajui, anaendelea kwa furaha kuelekea mahali ambapo hakuna kitu. Mwisho anaiamsha sauti, na sauti inakuja ile ile mbovu, na uso wake unaanguka.

Akatafuta akili. Kila amri akawa anaiandika mara mbili, kwa sababu kipande kilichokwisha kupakuliwa ukikipakua tena hakuna madhara, na mtu hakosei herufi ile ile mara mbili mfululizo, au angalau si kila siku. Neno la siri tu ndilo lililomchekesha. Likiandikwa, kioo hakionyeshi kitu, hata nukta. "Hapa wenye macho na sisi ni sawa," alisema, akaliandika kwa haraka na madaha.

Siku moja alimaliza, akaiamsha, na sauti ikatoka safi, na mafua yake yote. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Mume wangu alitafuta uso wangu kwa mikono yake, akaushika.

Jumatatu asubuhi nilimfungia vifungo vya shati ingawa anaweza mwenyewe. Aliniambia nisije. "Hata langoni," akasema. "Nikijua uko nje, nitakusubiri unikomboe." Nikasema sawa. Akatoka na fimbo yake, mkoba begani, nikamsikiliza fimbo ikigonga mpaka barabarani.

Nilikaa sokoni kidogo tu. Halafu nikamwachia jirani mitungi, nikajifunika mtandio mpaka puani, nikaenda. Sasa ningefanyaje? Nilipita nyuma ya shule, penye mathenge, mahali ambapo dirisha la darasa lile halina kioo. Miba ikanishika nguo nikaiacha ishike.

Alikuwa amesimama mbele, mashine mezani. Naibu yuko nyuma na kalamu yake. Mume wangu akawasalimu wanafunzi, akafungua kifuniko, akavaa kipaza sikioni, na papo hapo nikajua. Niliona kwenye shingo yake. Imerudi mbovu.

Akawaambia, "Nipeni dakika." Akakitoa kipaza akakiweka mezani. Akaketi, akaweka vidole kwenye vitufe, na akaizima ile sauti.

Naijua mikono yake. Kutoka pale dirishani sikuona kioo, lakini nilisoma vidole. Sasa anafungua dirisha la amri. Sasa neno la siri, haraka, kwa madaha yale yale. Sasa anaifukuza ile programu inayogawa sauti. Darasa likaanza kunong'ona. Mmoja akacheka, mwingine akapiga dawati. Naibu akajikohoza, akageuza mkono kutazama saa.

Alipofika kwenye ule mlango wa nyuma, vidole vikasimama. Vilisimama hewani muda mrefu. Jasho lilimtoka shingoni likalowesha ukosi niliokuwa nimeupiga pasi. Amesahau, nikasema moyoni, yarabi amesahau. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, limefika menoni. Ningelitamka tu, angelisikia. Na darasa zima lingesikia, na naibu angeandika. Niliushika ukuta kwa mikono miwili. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile, na sijawahi kutaka kumkosesha kitu kama nilivyotaka, kwa sababu kumwokoa kungekuwa kumkosesha.

Vidole vikashuka. Akaandika. Akarudia. Akashuka moduli kwa moduli, mara mbili mbili, kisha akapanda. Akachukua kipaza akakitia sikioni. Akasubiri, kichwa kimeinama.

Halafu akakiinua kichwa, akasema kwa ile sauti yake ya zamani, sauti ya mwalimu ambayo watoto wetu wanaiogopa, "Aliyecheka, simama utuambie tuliishia wapi juma lililopita." Yule akasimama.

Sikungoja zaidi. Niliondoka nikilia njia nzima, mtandio umechanika, na mtu aliyenisalimu sikumjibu.

Alirudi adhuhuri, viatu vyeupe kwa vumbi. Aliniita kutoka mlangoni, "Binti wa ng'ombe! Njoo ukae." Nikakaa. Akanieleza kila kitu, tangu lango la shule. Nikamsikiliza nikimwuliza kama mtu asiyejua.

"Iligoma?"

"Iligoma."

"Mungu wangu! Ukafanyaje?"

"Nikaizima. Sikuogopa hata kidogo." Shati lilikuwa bado halijakauka mgongoni. "Watoto wakacheka kidogo, nikawaacha. Nikavunja, nikajenga. Jumatano napewa kidato cha tatu, naibu amesema mwenyewe."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akanyoosha mkono. Akaupapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu.

"Unajua," akasema, "chumba kizima kilikuwa kinanitazama. Na mtu mmoja niliyetaka anione, nilimkataza mwenyewe asije."

Nilitaka kusema. Mimi, ambaye sokoni hakuna anayenishinda kwa mdomo, nikaona neno langu likitoka litamnyang'anya kitu alichokileta nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

"Nieleze tena," nikamwambia. "Toka pale ulipofungua mashine. Na usiruke kitu."

Akavuta pumzi, akaanza upya.